Leseni ya kupanga au ya kununua?

Hoteli yetu ya Kiwengwa hufungwa masika, Aprili na Mei. Wageni wakishaondoka hata kompyuta hupumua. Kwa hiyo bosi aliposema mfumo mpya wa kupokea wageni uende kwenye wingu la Amazon, yaani kompyuta zao za kukodi kupitia mtandao, ukitumia hifadhidata ya kampuni ya Oracle, mimi sikuuliza kasi. Niliuliza leseni.

Njia ni mbili: ununue leseni uende nayo, au ulipe kwa saa, leseni ikiwa ndani ya bei ya seva. Hii ya pili ni chumba cha kupanga, ukitoka hudaiwi. Lakini hupatikana kwa toleo dogo la Oracle tu, Standard Edition 2. Anayetaka Enterprise, lile toleo kubwa, lazima aje na leseni yake. Sisi na vyumba vyetu arubaini, Enterprise ya nini?

Bosi, mtu wa kuhesabu karafuu moja moja, akasema: "Kununua si mara moja tu, basi?" Nikamwonesha ada ya msaada: asilimia 22 ya bei ya leseni, kila mwaka, wageni wawepo wasiwepo. Akanyamaza, akamalizia kahawa yake.

Cha kuchunga ni kule kuzima. Ukiisimamisha hifadhidata, baada ya siku 7 inajiwasha yenyewe, kwa hiyo nimeandika skripti, programu fupi ya kuilaza tena. Na diski hulipiwa hata seva ikilala.

Seva ya hesabu pale Darajani sikuigusa. Ile haijui masika wala kaskazi, inafanya kazi usiku na mchana, na leseni yake tulishainunua zamani.