Weye ungejaza fomu

Khalati, ndugu wa mama, hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo linaloniudhi, maana angesema kwa ubaya ningemjibu palepale.

Alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi, tumeweka Grey's Anatomy, tamthilia ya madaktari wa Marekani, zile za 2006 alizotujazia binti ya kaka kwenye flashi. Tukafika pale daktari Izzie anapokata waya wa mashine inayosaidia moyo wa Denny, mgonjwa wake. Makusudi, ili hali yake izidi kuharibika na moyo wa kupandikizwa apewe yeye. Khalati akasimamisha mkono, nazi imemganda vidoleni.

"Huyo ndiye daktari. Ana roho."

"Khalati, kavunja sheria huyo."

Akanitazama, akarudi kukuna. "Weye ungejaza fomu."

Basi. Wiki hii Fatma kaolewa, jenereta ya wodini imekufa ikafufuka, nami nimetupwa zamu ya usiku, lakini kichwani ni fomu tu. Natundika dripu, fomu. Napima presha, fomu. Majibu mazuri yananijia saa tisa za usiku, Khalati mwenyewe kalala fofofo.

Fomu anayoisema ni ile ya rufaa ya Ami, niliyoijaza mimi. Khalati alivuka nayo maji hadi Mokowe, bara, kaikunja ndani ya buibui, na kwa fomu hiyo daktari wa Mombasa alijua Ami keshapewa dawa gani na saa ngapi, asije akampa mara mbili. Leo Ami yuko barazani anacheza bao na kugombana na kila anayemfunga.

Na Denny? Moyo aliupata, lakini damu ikaganda, akafa. Khalati alikuwa keshaondoka kwenda kuswali Isha, hakuyaona hayo. Mimi aliyenikaa ni yule mgonjwa mwingine, aliyeingia kwenye orodha sekunde 17 kabla ya Denny, ambaye hata jina lake silikumbuki. Naye si ana khalati yake?

Izzie aliacha kazi, baadaye akarudi. Mimi nikichelewesha ufunguo wa kabati la dawa naandikishwa barua.

Afadhali wale wa House, tamthilia nyingine ya madaktari, wananichekesha. Mkubwa wao huwatuma wakavunje nyumba ya mgonjwa watafute kilichomdhuru. Hebu wajaribu huku kwetu Mkomani, Lamu! Hujavuka daka la mlangoni ushaulizwa u mtoto wa nani, ushakalishwa, kahawa na kaimati ziko mbele yako, na mgonjwa keshapigiwa simu wodini kuambiwa ana wageni. Na Khalati, mpenda madaktari wenye roho, ndiye wa kwanza kuita mwizi.

Nimeandika haya nikisubiri ndoo ijae. Maji ya kisima yameanza chumvi tena. Mama asema ni bamvua, yatarudi. Mimi naitazama ile nyumba mpya ya jirani na bwawa lake la kuogelea, wala sina hakika kama yatarudi.