Stima Ilipotea kwenye Asilimia 60

Shangazi alifika kutoka Bondo na matatu ya saa nane, na haja yake ilikuwa moja: kumwona marehemu mumewe akicheza kwenye harusi ya dada yangu. Shangazi mwenyewe siku ya harusi alikuwa amelazwa. DVD ya harusi ilishakwaruzika zamani. Nakala iliyobaki ilikuwa kwenye kompyuta kuukuu chini ya meza yangu hapa Manyatta, Kisumu, niliyoiwekea Jellyfin, programu ya kurusha video kwa mtandao wa nyumbani, ili watu wa nyumbani watazame kwa simu bila kununua bando.

Kuiweka hakukuwa kazi. Niliongeza hazina ya vifurushi vya Jellyfin kwenye Debian, mfumo endeshi wa kompyuta ile; apt, chombo chake cha kuweka programu, ikaivuta pamoja na ffmpeg yake ya kushughulikia video, nikaifungua kwenye kivinjari kwa poti 8096. Kilichonila siku mbili ni orodha ya video iliyokuwa tupu. Kumbe Jellyfin huendeshwa na akaunti yake ya mtumiaji ndani ya kompyuta, iitwayo jellyfin, na huyo hakuwa na ruhusa ya kuingia kwenye folda yangu binafsi. Nikahamishia video kwenye folda ya /srv, nikamruhusu kusoma, yakaisha.

Sasa jioni hiyo, kiherehere changu, nikasema nisasishe programu kwanza. Nani alinituma? Apt upgrade ikaanza, mstari ukatambaa hadi asilimia 60, stima ikapotea. Feni ya kompyuta ikazunguka kidogo kwa mazoea, ikanyamaza. Jenereta ya baa jirani ikanguruma.

Stima ilirudi saa tatu usiku. Jellyfin haikufunguka. Apt nayo ikagoma: dpkg, inayopanga vifurushi chini ya apt, ilikatizwa, endesha kwanza amri ya dpkg --configure -a. Shangazi alikuwa ameshasogeza kiti, leso begani.

"Imekufa?"

"Hapana, Shangazi. Inamalizia tu."

Nilijua apt haigusi video. Lakini diski ile ilikuwa ya zamani, imezimwa ghafla, na sikuwa na nakala nyingine popote. Nikachapa amri, nikakosea herufi, nikachapa tena. Vifurushi vikaanza kujipanga kimoja kimoja. Cha Jellyfin kilipofika kikasimama, sijui dakika ngapi, kisha kikapita.

Tulimpata mumewe dakika ya arobaini hivi, nyuma ya wapiga ohangla, koti mkononi, akicheza vibaya kabisa. Shangazi akacheka mpaka leso ikaanguka.

"Viatu vile nilimwambia asivae."

Kisha akasema nirudishe nyuma. Nikarudisha mara nne.