Siku moja maishani mwangu: mimi, mashine ya tafsiri na makala za watu

Saa 2 asubuhi. Nikiwasha kompyuta cha kwanza naangalia kama kazi ya usiku imeisha. Jana niliiacha seva inatafsiri ikisiri za makala za Kichina, Kihispania, Kireno na Kirusi, zote za utafiti wa mapitio, ule wa kukusanya kila kilichochapishwa kuhusu tiba fulani alafu matokeo yanajumlishwa pamoja. Mapitio mengi yalikuwa yanachukua makala za Kiingereza tu, ukiandika kwa lugha nyingine ni kama hujaandika kabisa. Kwenye timu mi siyo daktari wala mtakwimu, nipo kwa ajili ya hizi tafsiri.

Saa 3 naanza kuchuja, na hapa mashine naipa heshima yake yote. Ili uamue makala iingie au itupwe huhitaji tafsiri nzuri, unataka tu kujua wagonjwa ni akina nani, wamepewa dawa gani, kulikuwa na kundi la kulinganishia au hakuna. Sarufi ikipinda ipinde tu. Zenye utata naziweka pembeni zisubiri mtu anayeijua lugha.

Saa 4 na nusu, kazi ya mikono. Watu wanadhani nashinda nafundisha modeli, yaani ile programu inayojifunza kutafsiri, wapi! Nasafisha PDF. Leo kuna makala ya Kireno imepangwa safu mbili, maneno yamekatwa kwa kistari mwisho wa mstari, kichwa cha jedwali kimejipenyeza katikati ya sentensi, na ukiipa mashine hiyo takataka haikwambii sijaelewa, inakutungia sentensi laini kabisa isiyokuwepo kwenye makala. Kwa hiyo naunganisha maneno, natoa namba za kurasa, narudisha aya mahali pake, ndo natafsiri.

Makala hiyohiyo ikanipa mfano mzuri wa saa 5. Kireno kinaandika desimali kwa mkato na maelfu kwa nukta. Mashine imegeuza 0,05 kuwa 0.05, safi, alafu mistari miwili chini imeiacha 1.250 vilevile. Ingekuwa idadi ya wagonjwa ungeshtuka, hakuna mgonjwa mmoja na robo, lakini hii ni miligramu na kwenye jedwali la Kiingereza inasomeka moja na robo badala ya elfu moja mia mbili hamsini. Tofauti ya mara elfu kwenye dozi! Ndo maana nina kaprogramu kadogo kanachota namba zote za makala asilia na zote za tafsiri, kanazilinganisha baada ya kuzingatia mtindo wa lugha husika, zisipolingana mstari unawaka nyekundu. Namba zinazoingia kwenye hesabu za mwisho zinatoka kwenye makala yenyewe, siyo kwenye tafsiri, na kwa hilo sibembelezwi. Sentensi zenye ukanushi nazo nazikagua hivyohivyo, "hakukuwa na tofauti" ikipoteza ule ukanushi umeshageuza matokeo ya watu.

Saa 7 mchana kijana aliyeanza kazi karibuni ananiuliza, "kaka, si tutumie tu modeli mpya kubwa mambo yaishe?" Swali halali. Nikamwambia hii ndoto imeanza na sayansi zamani sana: mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Georgetown na IBM walionyesha mashine inatafsiri Kirusi kwenda Kiingereza ikiwa na maneno 250 na kanuni 6 tu za sarufi, na zipo sentensi za kemia humo, maana Wamarekani walitaka kujua wanasayansi wa Kisovieti wanaandika nini. Mwaka 1966 ripoti ya ALPAC, kamati iliyoundwa kwa ajili ya serikali ya Marekani, ikasema mashine ni ya polepole, inakosea zaidi na ni ghali kuliko binadamu, fedha zikakauka. Baadaye IBM wakarudi na takwimu, wakatumia kumbukumbu za bunge la Canada za Kiingereza na Kifaransa, alafu ndo ikaja mitandao ya nyuroni, programu zinazojifunza zenyewe kutoka kwenye mifano mingi, na tangu 2017 karibu kila kitu ni transfoma, aina moja ya mitandao hiyo. Nilichotaka akishike ni kwamba mashine ya zamani ilibabaika kiasi kwamba lazima uishtukie, hii mpya inakosea huku inaongea vizuri.

Saa 9 alasiri nageukia upande wa pili, dodoso la Kiingereza linalotafsiriwa kwenda Kiswahili. Ripoti ya kuijaribu mashine imekuja na alama za BLEU tu, zinazopima tafsiri ya mashine inafanana kiasi gani na rejea, yaani tafsiri ya binadamu. Kipimo hiki cha 2002 kinalinganisha mfuatano wa maneno mazima, sasa rejea ikisema "wamechanjwa" na mashine ikaandika "wamepata chanjo", maana ileile na alama hupati. Kwa lugha inayobeba sentensi nzima ndani ya neno moja mi naangalia chrF, inayohesabu vipande vya herufi, na bado nampa mtu asome. Wengine wanairudisha tafsiri kwenye Kiingereza kwa mashine ileile waone kama inafanana, inafanana kweli, sababu mashine inajua kurekebisha Kiswahili chake kibovu. Hiyo kazi ya kurudisha kwenye Kiingereza apewe mtu ambaye hajaona dodoso la asili.

Saa 11 jioni, kikao. Mkuu wa utafiti anataka sehemu ya mbinu iandikwe "tafsiri ilifanywa kwa mashine", nukta. Nimekataa. Iandikwe modeli gani, toleo gani, lini, na sehemu zipi zimehakikiwa na mtu, kwa sababu huduma za mtandaoni zinabadilishwa kimyakimya, sentensi ya leo mwezi ujao inaweza kutoka tofauti, sasa nani atarudia utafiti wako? Mahojiano ya wagonjwa ndo kabisa hayapandishwi huko, yanabaki kwenye seva yetu na modeli ya NLLB, ile ya lugha 200 ambayo Meta waliitoa 2022 mtu aipakue mwenyewe. Wamebisha kidogo, wakakubali.

Saa 3 usiku mtakwimu ananitumia ujumbe, "naweza kuanza kujumlisha?" Nimemjibu aanze na faili zilizohakikiwa, zenye mistari nyekundu aziache mpaka msomaji wa Kireno azipitie kesho mchana. Nimepanga fungu la Kirusi kwenye seva, kompyuta nimezima.