Yoyote tu

“Dada, nipunguzie mistari miwili. Yoyote tu.”

Ndiyo hiyo. Imenikaa sikioni tangu Jumanne kama maji ya kuoga, nainamisha kichwa huku, nainamisha kule, haitoki. Jumanne ndiyo sanduku lilifika, nakala kumi za mwandishi za riwaya yangu, na wiki hiyohiyo bosi mpya ameripoti, shemeji amejifungua mapacha (wa kike wote, wazima), na Mama Mkwe amepiga vigelegele kwenye simu hadi Baba Watoto akaisogeza mbali na sikio. Hayo ndiyo ya kuandika. Mimi niko macho saa tisa usiku nawaza mistari miwili.

Mlio nami tangu enzi za daftari la kijani mtakumbuka niliapa kwamba siku nikikishika kitabu changu nitalia. Sikulia. Nilikifungua ukurasa wa mwisho moja kwa moja, kama mtu anayekagua kovu lake baada ya kutolewa bandeji.

Ilikuwa mwisho wa mwezi, tunafunga hesabu, nina safu mbili zinazokataa kulingana, na mkaguzi anakuja saa nane. Simu ikaita. Kijana wa kupanga kurasa. Hatujawahi kuonana mpaka leo, namjua kwa sauti tu, sauti ya mtu asiyelala vya kutosha.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba.”

“Kitabu chako kimemwagika.”

“Kimemwagikaje?”

“Mistari miwili imeingia ukurasa wa 225. Mimi nataka kiishie 224.”

Akanieleza, taratibu kabisa, kwamba karatasi kubwa ya mtamboni huchapwa kurasa nane upande huu na nane upande ule, ikakunjwa mara tatu, ikatoa kijitabu cha kurasa 16. Vijitabu 14 vikiunganishwa ndiyo 224. Mistari yangu miwili ilikuwa inadai kijitabu cha kumi na tano, kizima, chenye kurasa 15 nyeupe zisizo na kazi. Kwa mtu wa hesabu kama mimi hoja hiyo haina majibu. Nilikuwa upande wake kabla hajamaliza.

“Kwa hiyo nipunguzie mistari miwili.”

“Ipi?”

“Yoyote tu. Ila itoke sura ya mwisho, maana kila sura inaanza ukurasa wake. Ukipunguza huko nyuma hainisaidii.”

“Nipe dakika tano.”

“Asante sana dada.”

Nilitumia nne. Nilifungua faili, nikashuka mpaka chini, nikaona sentensi ndefu inayojaza mistari miwili, nikaifuta, nikamtumia, nikarudi kwenye safu zangu. Saa nane mkaguzi alikuta kila kitu kimelingana. Nilijisifu hata, nikasema leo nimefanya kazi mbili kwa mshahara wa moja.

Sasa miezi imepita, kitabu kimechapwa, na neno lile limeanza kuwasha. Yoyote. Miaka sita naipima sentensi moja moja kama mtu anayenunua dhahabu, halafu mwishoni kabisa, kwenye sura ya mwisho, naambiwa yoyote na mimi naitikia!

Nimeshamjibu mara mia tangu Jumanne. Ndani ya basi nilimjibu kwa hekima: “Mdogo wangu, hakuna mstari unaoitwa yoyote.” Nikioga nilimjibu kwa ukali. Kazini, nikimpokea bosi mpya, nilikuwa namjibu huku nikitabasamu, na bosi akadhani tabasamu ni lake. Jumatano usiku nilipata jibu bora kuliko yote, fupi, lenye heshima na sumu kidogo, nikalisahau kabla ya asubuhi.

Ajabu ni kwamba nimekatwa sana kuliko hapo na sikuhisi kitu. Mswada wa kwanza ulikuwa na maneno 96,000. Mhariri wangu, yule ninayemwita Bi Mkasi (anajua, na anacheka), aliushusha mpaka 65,000 hivi. Alinitolea shangazi mzima. Mnakumbuka yule shangazi wa sura ya saba aliyekuwa na mdomo? Nilimwandikia mwaka mzima, nikijinyima usingizi kabla ya alfajiri, nikijipa moyo kwamba hata Toni Morrison aliandika hivyo, kabla watoto hawajaamka, ana kazi yake ya ofisini, na riwaya ya kwanza ikatoka 1970 akiwa na miaka 39. Bi Mkasi akaandika pembeni ya ukurasa: “Huyu anasema yote ambayo msomaji ameshayaona.” Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikamzika shangazi kwa mikono yangu mwenyewe, na sura ya nane ikapumua.

Lakini Bi Mkasi aligombana nami kwa kila mstari. Alikuwa na sababu, nami nilikuwa na sababu, na tulitupiana sababu hadi usiku. Huyu kijana hakuwa na ugomvi na mistari yangu. Kwake ilikuwa urefu. Ndivyo inavyopaswa kuwa, kazi yake ni urefu, simlaumu. Namlaumu aliyeshika simu upande wa pili.

Maana jana nilimpigia Bi Mkasi nimweleze, nikitafuta wa kunihurumia. Akacheka mpaka akakohoa.

“Ukafuta sentensi nzima?”

“Aliniambia mistari miwili.”

“Mwenzangu, unatafuta aya inayoishia na neno moja peke yake kwenye mstari. Unapunguza neno dogo huko juu, lile moja linapanda, mstari umeokoka. Unafanya hivyo kwenye aya mbili, umemaliza. Ungetoa maneno mawili, matatu.”

“Sikujua.”

“Ungeniuliza.”

Ungeniuliza. Sasa nina maneno mawili sikioni, moja kila upande.

Baadaye nikiwa peke yangu nilihesabu mara ngapi kwenye safari hii sikuuliza. Mchapishaji wa kwanza niliyempelekea mswada hajanijibu mpaka leo, huu mwaka wa nne, na sijawahi kumwandikia hata mstari kumkumbusha. (Nilikuwa najifariji na Saramago, yule mwandishi wa Ureno: alipeleka riwaya kwa mchapishaji mwaka 1953, kimya, mpaka miaka ya themanini walipouokota mswada na kutaka kuuchapa, akakataa. Ikatoka 2011, yeye ameshafariki. Faraja ya ajabu hiyo, kwamba nami huenda nikajibiwa nikiwa kaburini.) Wa pili alikataa kwa ripoti ya msomaji ya ukurasa mmoja na nusu, na sikuuliza alimaanisha nini aliposema “msimulizi anajificha,” ingawa neno hilo ndilo lililonifanya niiandike upya yote kwa nafsi ya kwanza. Wa tatu alikaa nayo miezi 11, akakubali, akaleta mkataba. Mrabaha asilimia 10 ya mapato halisi. Siyo ya bei ya jalada. Mapato halisi ni kile kinachomfikia mchapishaji baada ya maduka kuchukua punguzo lao. Mhasibu mzima, mtu anayeishi kwa tofauti ya maneno kama hayo, nilisaini nikiwa nimesimama, kalamu ikitetemeka. Mapunguzo hayo ni kiasi gani? Sikuuliza.

Nilikuwa naogopa. Nimelijua hilo jana tu. Ukisubiri “ndiyo” ya mtu miaka yote hiyo, ukiipata unaishika kama yai, na unahisi swali lolote litalipasua. Watasema kumbe huyu msumbufu, turudishe mswada wake. Nikaona kijana wa kupanga kurasa naye ana uwezo wa kukirudisha kitabu changu gizani, kwa hiyo dakika tano, asante, na Mungu akubariki wewe pia.

Kuna jambo lingine dogo, mtaniona nimechanganyikiwa. Nyuma ya jalada kuna ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, tarakimu 13. Kabla ya 2007 zilikuwa 10. Jumanne usiku nilizihakiki kwa kalamu. Ya kwanza unaichukua kama ilivyo, ya pili unaizidisha kwa tatu, ya tatu kama ilivyo, ya nne mara tatu, unapokezana hivyo mpaka mwisho, na jumla lazima igawanyike kwa kumi. Yangu ilitoka 110. Tarakimu ya mwisho haipo kwa ajili ya kutaja kitabu, ipo kulinda zile 12 zilizotangulia, ili mtu akikosea kuandika mojawapo hesabu igome. Nikaitazama kwa wivu. Hiyo haiwezi kuwa yoyote.

Basi. Jana usiku Baba Watoto, ambaye amevumilia wiki nzima, aliweka rimoti chini.

“Mama Watoto, hebu niambie hiyo mistari yenyewe. Inasemaje?”

Nikafungua mdomo.

Hakuna kitu.

“Ni pale… amefika mlangoni… halafu kuna upepo.”

“Upepo unafanya nini?”

“Unavuma.”

Aliniangalia. Nikamwangalia. Nilikuwa nimekaa matanga ya marehemu nisiyemjua jina.

Tukaenda kwenye kompyuta. Mnajua jinsi faili zangu zilivyo: mwisho, mwisho kabisa, mwisho wa kweli, mwisho huu sasa, mwisho baada ya Bi Mkasi. Ilituchukua nusu saa. Ilikuwa kwenye “mwisho huu sasa”. Naiweka hapa kama ilivyokuwa:

“Alisimama mlangoni kwa muda mrefu akiyatafakari yote yaliyopita, huku upepo mwanana ukivuma, na ndala yake moja ikiwa imepinduka.”

Baba Watoto aliisoma kwa sauti, kwa ile sauti yake ya kusoma matangazo ya msiba. Alipofika “upepo mwanana” alishindwa, akakaa chini kabisa sakafuni. Mimi nilijaribu kukasirika. Nilijaribu kwa dhati. Upepo mwanana! Akiyatafakari yote yaliyopita! Bi Mkasi aliipitaje hiyo, alikuwa amesinzia? Mimi mwenyewe niliisoma mara thelathini na kila mara nikaona ni nzuri? Tulicheka mpaka mkubwa akatoka chumbani kwake kuuliza kama kuna mtu amepatwa na jambo.

Nikachukua kitabu, nikasoma sura ya mwisho kama ilivyochapwa. Anafika mlangoni, anaweka ufunguo juu ya dirisha, anaondoka. Inaisha chini kabisa ya ukurasa, mstari wa mwisho umegusa ukingo wake, hakuna nafasi hata ya nukta nyingine. Sikuipanga hivyo. Aliipanga kijana yule kwa rula yake.

Hata hivyo ile ndala naitaka. Ndala moja iliyopinduka ni ya kwangu, niliiona kweli, na ningemjua yule mwanamke kwa ndala hiyo hata mngenifumba macho. Upepo uende, tafakuri iende, ndala ingebaki. Ilihitaji maneno matatu. Nikaiandika kwenye daftari jipya (jekundu, safari hii), ukurasa wa kwanza, peke yake. Siyo kwamba nimeanza ya pili. Msianze kuniuliza.

Leo jioni nilimtumia kijana ujumbe. Niliandika aya tatu, nikafuta, nikabaki na: “Kitabu kimetoka vizuri, ahsante kwa kazi yako.” Akajibu baada ya dakika moja: “Asante dada. Kipi hicho?”

Nimecheka tena, safari hii peke yangu.

Kitindamimba ndiye amekuwa akikimiliki kitabu tangu Jumanne, nakala moja nimemwachia, kwa sababu jina lake lipo kwenye tabaruku na anataka kuwaonyesha wenzake. Nilipita chumbani kwake kabla hajalala. Alikuwa amelala kifudifudi, kitabu kimegusa pua. Nikamwambia asogeze mbali, akasogeza, kisha akakirudisha palepale. Nikamwambia asogeze tena. Akasema, “Mama, nikisogeza herufi zinaondoka.” Nikazima taa, nikamwambia alale, nikaja kukaa hapa.

Mwezi uliopita mwalimu wake alimhamishia dawati la mbele, na mimi nikamgombeza, nikidhani ni utundu. Hakubisha. Jumatatu asubuhi itabidi niombe ruhusa nimpeleke akapimwe macho, na bosi ana siku nne tu ofisini, sijui bado ni mtu wa namna gani ukimwomba ruhusa.