Dumu Lisilonuka

Jumamosi iliyopita msusi wangu wa Sinza alikamua dawa ya kuficha mvi kwenye kibakuli, na kabla hajaanza kuikoroga harufu ya amonia ilinipanda puani hadi machozi yakanilenga. Aliniomba radhi akidhani dawa imeniwasha, ilhali hata hakuwa amenigusa. Mimi nilikuwa nimeshafika Ujerumani, katika karakana isiyo na madirisha nilikowahi kufanya kazi, nimesimama mbele ya tanuri la fundi tuliyemwita Mzee, nikisikiliza.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza kofia za rada, au redomu kama tulivyozoea kuziita: maganda yenye umbo la pia yanayovishwa kwenye ncha ya chombo kinachoruka kwa kasi kuliko sauti. Ndani ya ganda hukaa antena, ambayo inatakiwa ione mbele kana kwamba haijafunikwa na kitu chochote. Nje yake kuna hewa ambayo, chombo kikifikia mara tano ya kasi ya sauti, hupata joto la karibu digrii 1,000 pale inapozuiliwa na ncha. Chuma hakifai, kwa sababu huzuia mawimbi ya redio, na nyuzi za kaboni hazifai kwa sababu hiyohiyo. Kioo cha silika tupu, madini yaleyale ya mchanga mweupe, hupitisha mawimbi, tena hakitanuki kwa joto ila kidogo mno, na Mzee alipenda kuwashtua wageni kwa kutoa kipande chekundu tanurini na kukitumbukiza kwenye ndoo ya maji, ambako kilichemka kwa kelele kisha kikatulia bila ufa hata mmoja. Hata hivyo kioo ni kioo, kikigongwa hupasuka, na ndiyo sababu tulikitia nyuzi za silika hiyohiyo, kama fundi wa matofali ya udongo anavyochanganya majani makavu ili tofali lishikamane.

Nyuzi hizo zilikuja zikiwa zimefumwa mithili ya soksi nyeupe. Tulizivisha kwenye kalibu, tukazilowesha kwa maji ya silika, yaani maji yenye chembe zake ndogo mno, ndani ya chombo kilichofyonzwa hewa ili mapovu yasibaki katikati, tukazikausha, tukazipasha moto, kisha tukazilowesha tena, kwa maana kila maji yanapokauka huacha vitundu vinavyohitaji kujazwa. Koni ninayoikumbuka ilipita njia hiyo mara sita. Ukuta wake ulipaswa kuwa na unene sawa na nusu ya urefu wa wimbi linalosafiri ndani yake, ambao kwa rada ya gigahezi 10 ni milimita 8 na kitu, ili mwangwi unaorudishwa na uso wa nje uuane na ule unaorudishwa na uso wa ndani. Siku za kwanza jambo hilo lilinifurahisha kuliko mshahara.

Adui wa yote haya ni chumvi. Sodiamu kidogo tu, hata ile iliyomo katika jasho la kidole, huifanya silika ianze kuganda kuwa fuwele inayoitwa kristobaliti pindi joto linapopita digrii 1,000. Kwenye moto mkali fuwele hiyo haina ubaya wowote. Ubaya wake huja wakati wa kupoa, kwa sababu ikishuka katika digrii mia mbili na ushei hujikunyata ghafla, wakati kioo kinachoizunguka hakijikunyati, na hapo ndipo nyufa huzaliwa. Mzee alikuwa na bomba la kioo lenye alama nyeupe za vidole vinne, vya mtu aliyelishika bila glavu miaka mingi kabla yangu, na mistari yote ya vidole ilikuwa inasomeka kama kwenye kitambulisho. Alinionyesha siku yangu ya kwanza kazini, akanitazama mikono, akaondoka bila kuongeza neno.

Basi nilivaa glavu. Nilivaa glavu hata kufungulia mlango.

Maji ya silika nayo huja kwa namna mbili. Chembe zake ndogo mno zisipowekewa kitu cha kuzitenganisha zitashikana na kuwa uji mzito, kwa hiyo watengenezaji hutia ama sodiamu ama amonia. Sisi tulitumia yale ya amonia, ambayo hupaa yote wakati wa kukausha na kuacha silika peke yake. Kwa macho huwezi kuyatofautisha, kwani yote mawili yanafanana na maziwa yaliyozidishiwa maji, yenye ubuluu kwa mbali. Yale ya amonia, hata hivyo, ukifungua dumu lake unarudi nyuma hatua moja.

Asubuhi ya kulowesha mara ya nne nilifungua dumu jipya, na sikurudi nyuma.

Nililigundua hilo palepale. Siwezi kujidanganya kwamba nililigundua baadaye. Niliinama, nikavuta pumzi, nikahisi harufu ya plastiki na ubaridi, basi. Nilikuwa na miezi mitatu kazini, mwanamke pekee katika karakana ile, na Kijerumani changu kilikuwa cha kuombea mkate dukani. Nilijiambia kwamba labda pua yangu imezoea, au nimeanza mafua. Nikamimina.

Wiki mbili baadaye tulikuwa tunasubiri tanuri lipoe. Mzee hakuruhusu mtu kulifungua mapema, kwa hiyo tulikaa tukitazama namba nyekundu zikishuka: 310, 300, 290. Mle ndani kulikuwa kimya kiasi cha kusikia feni ya ofisi ya jirani. Zilipofika 260 nikasikia *tik*. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo sana, kama ule wa bati la paa jua linapozama na joto kuanza kulitoka, mlio ambao kwetu Kyela mtoto huusikia kila jioni na haumshtui. Mzee akaacha kutafuna. Alikuwa na mkate mkononi, akaushusha polepole juu ya karatasi yake, akaikunja karatasi kwa uangalifu kana kwamba mkate huo ndio uliokuwa hatarini. *Tik.* Kisha milio miwili pamoja. Kisha kimya kirefu, nami nikaanza kuomba kimoyomoyo, na namba zilipofika 230 ikaja mfululizo, kama mvua ya kwanza juu ya mabati kabla haijaamua kunyesha. Hakunitazama. Alitazama namba mpaka ya mwisho.

Koni ilitoka ikiwa nzima machoni, nyeupe, nzuri. Mzee aliiinua kwa mikono miwili, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Mama yangu alipokuwa akinunua vyungu vya Wakisi pale Matema aliviinua na kuvigonga hivyohivyo, na kile kilichojibu kama kikohozi alikirudisha chini bila kujadili bei. Koni yetu ilikohoa.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Kipande kilikatwa, kikapimwa, kristobaliti ikaonekana, na dumu likapatikana stoo likiwa na lebo iliyotofautiana na yetu kwa herufi moja. Mkuu wetu alitukusanya akauliza nani aliyelifungua, nikainua mkono. Akauliza kama nilisikia harufu yoyote isiyo ya kawaida. Nilijibu kwamba sikusikia harufu isiyo ya kawaida, jambo ambalo, ukilichunguza neno kwa neno, ni kweli tupu. Mtunza stoo alipewa barua ya onyo. Alikuwa na watoto watatu, na aliendelea kunisalimia kila asubuhi mpaka nilipoondoka.

Kuna jambo jingine ambalo sikulisema wala kuliuliza. Vitu vya aina ile vimo katika orodha ya bidhaa zinazodhibitiwa na nchi zilizokubaliana mwaka 1987 kuzuia teknolojia ya makombora isisambae, na karatasi nilizosaini siku ya kuajiriwa zilikuwa nene kuliko mkataba wangu wa nyumba. Nilijua kofia huvishwa kichwa. Kichwa cha nani, na kinakwenda wapi, sikuuliza. Mara nyingine nafikiri kwamba koni ile iliyokohoa haikumdhuru mtu yeyote duniani isipokuwa mtunza stoo, na fikra hiyo inanipa faraja ambayo siiamini sana.

Msusi wangu aliponiona nafuta macho alirudisha kibakuli mezani, akatoa boksi jingine kabatini. Alisema hii ni mpya, haina amonia, haina harufu kabisa, na mama zangu wengi siku hizi wanaipenda. Nilimwomba anifungulie ninuse. Kweli, haikunuka chochote. Nikamwambia, "Asante mwanangu, wewe nipake ileile ya kwanza."