Nilivyobadilisha bushi za Eunos Roadster

Gari langu ni Eunos Roadster ya kizazi cha kwanza, lile ambalo nje ya Japani hujulikana zaidi kama Mazda MX-5, lenye injini ya lita 1.6 na uzito usiofika tani moja. Lilifika Dar es Salaam likiwa limekwisha kutumika Japani kwa miaka mingi, na kwa juu lilikuwa limetunzwa vizuri. Chini ya bodi hali ilikuwa tofauti: palikuwa na kutu inayofanana na ile ya magari yaliyopita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, na hewa ya bahari ya kwetu ikaendeleza kazi hiyo. Usukani haukutulia kwenye mwendo wa kawaida, gari liliyumba kidogo kila nilipokanyaga breki kwa nguvu, na nilipoachia mafuta katikati ya kona nilihisi sehemu ya nyuma ikisogea pembeni kabla ya kutulia. Alaimenti, yaani pembe za magurudumu, ilipimwa na kurekebishwa zaidi ya mara moja, lakini haikukaa, na tairi za mbele ziliendelea kulika upande wa ndani.

Katika gari hili kila gurudumu, la mbele na la nyuma, limeshikwa na mikono miwili, mmoja juu na mwingine chini, na kila mkono umeungwa na fremu kwa bushi. Bushi yenyewe ni bomba dogo la chuma ndani ya bomba kubwa, na kati yake upo mpira ulioshikamana na chuma cha pande zote mbili. Boliti inapokazwa, bomba la ndani hubanwa kabisa lisizunguke, kwa hiyo mkono unapopanda na kushuka hakuna kinachoteleza. Ni mpira ndio unaojinyonga na kurudi. Jambo hili huonekana dogo, lakini ndilo lililoamua karibu kila hatua niliyochukua baadaye.

Nililiingiza gari juu ya shimo la gereji, nikapachika mtaimbo mfupi kati ya mkono wa chini na fremu, nikasukuma taratibu. Upande wa kulia mbele, mpira ulifunguka kama mdomo, ukaonyesha ufa uliozunguka karibu bomba lote la ndani. Bushi za nyuma hazikuwa na nyufa kubwa, ila zilikuwa zimekauka na mkono ulisogea mbele na nyuma kwa kiasi kinachoonekana kwa macho. Hapo sikuwa na haja ya kuendelea kulaumu mashine ya alaimenti.

Swali lililofuata lilikuwa ni bushi gani za kuweka. Madukani Gerezani na Kariakoo bushi za magari ya kawaida ya familia hupatikana kwa urahisi, lakini za gari hili nilizungushwa duka hadi duka bila mafanikio. Fundi aliyekuwa akinisaidia, mtu mwenye mikono mizuri na uzoefu mrefu wa magari ya Kijapani, alinishauri kwa nia njema. “Bosi, hizi tunachonga tu. Nailoni ipo, ukitaka hata mpira wa tairi upo.” Sikumkatalia kwa dharau, kwa sababu bushi za kuchonga zimeyaweka magari mengi barabarani katika nchi yetu. Tatizo ni kwamba mpira wa tairi uliokatwa haukushikamana na chuma chochote, hivyo badala ya kujinyonga husuguana na kulika mapema, na nailoni nayo ni ngumu kiasi kwamba mtikisiko ambao ungemezwa na mpira hupelekwa moja kwa moja kwenye masikio ya fremu, yale mabamba ya chuma yanayoishika bushi pande zote mbili. Masikio hayo yakipasuka hakuna duka litakalokuuzia mengine.

Zilibaki njia mbili: bushi za poliurethani au za mpira za muundo wa kiwandani. Za poliurethani zina sifa zake. Hazihitaji presi kubwa kuziingiza, na kwa kuwa huzunguka juu ya bomba la ndani, unaweza kukaza boliti mkono ukiwa katika pembe yoyote. Lakini kuzunguka huko kunategemea grisi, na grisi iliyo wazi kwenye vumbi letu hugeuka msasa. Anayekwenda mashindanoni na kufungua gari lake mara kwa mara atazipenda. Mimi hulitumia gari kwenda kazini na, siku za mapumziko, Bagamoyo, kwa hiyo niliagiza za mpira kutoka Japani pamoja na boliti mpya zote za mikono ya chini. Boliti hizo zilinisikitisha kwa bei yake, lakini ndizo zilizookoa kazi nzima.

Kabla ya kulegeza nati yoyote, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake mahali tambarare, nilipima umbali kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake, nikaandika vipimo vyote kwenye utepe na kuubandika kwenye kioo. Nilitia pia alama ya rangi nyeupe kwenye kila washa ya kurekebishia alaimenti, kwa kuwa boliti za mikono ya chini za gari hili zina washa ambazo tundu lake haliko katikati, na kuzizungusha ndiko kunakosogeza mkono ndani au nje.

Kufungua ndiko kulikokula muda. Kalipa za breki nilizitundika kwa waya ili mipira yake ya mafuta ya breki isibebe uzito. Mikono ya juu ya mbele ilitoka bila ubishi, kila mmoja ukiwa na boliti moja ndefu inayopita bushi zote mbili. Mikono ya chini ilikuwa habari nyingine. Nati zilifunguka vizuri, lakini boliti zilikuwa zimeshikana kwa kutu na bomba la ndani la bushi, na kila nilipozungusha boliti bomba lilizunguka nayo, mpira ukajinyonga na kuirudisha pale pale. Nilipulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni na asubuhi, nikagonga, nikapasha moto, na mbili hazikusogea. Moto haukunitia hofu kwa kuwa bushi zile zilikuwa za kutupwa, ingawa moshi wa mpira unaoungua ni mbaya na kazi hiyo ifanywe nje. Mwishoni tulizikata kwa msumeno wa chuma, ubao wa msumeno ukipita katika mwanya mwembamba kati ya bushi na sikio la fremu, pande zote mbili. Ni kazi ya kuchosha bega, na ina usalama zaidi kuliko grainda, ambayo kwa kuteleza mara moja tu ingeweza kula sikio lenyewe.

Bushi za zamani tulizisukuma kwa presi ya haidroliki. Palipo na masikio mawili kwenye mkono, fundi alikata kipande cha bomba chenye urefu kamili wa mwanya na kukiweka katikati, ili presi isiyakunje. Zilizogoma tulizipasua bomba la nje kwa msumeno kwa uangalifu, tukikoma kabla jino halijafika kwenye mkono. Bushi mpya zililala kwenye friza usiku mzima, matundu yakasuguliwa kwa msasa laini na kupakwa maji ya sabuni kidogo. Ziliingia zikiwa zimenyooka, na mlio wa presi ukawa mmoja tu kutoka mwanzo hadi mwisho; mlio ukibadilika, simama uangalie kama bushi imelala upande.

Wakati wa kurudisha, nilipaka grisi ya shaba kwenye mwili wa boliti na kuacha nyuzi zake kavu, nikafunga nati zote kwa mkono tu. Hapa ndipo fundi wangu alipotaka kukaza kila kitu gari likiwa juu ya stendi, magurudumu yakining’inia, na ndipo nilipomwomba asubiri. Bushi ikikazwa mkono ukiwa umening’inia, siku gari litakaposhuka mpira utakuwa umejinyonga tayari kabla hata halijatembea, na kila shimo la barabara litaunyonga zaidi. Bushi ya namna hiyo huchanika mapema, tena gari husimama juu kuliko inavyotakiwa.

Mbinu ya kawaida ya kukaza mkono ukiwa mahali pake ni kuuinua mkono wa chini kwa jeki hadi springi ijibane ifikie kipimo. Katika gari jepesi kama hili mbinu hiyo ina kasoro, kwani mara nyingi gari huinuka kutoka kwenye stendi kabla kipimo hakijafikiwa. Kwa hiyo tulirudisha magurudumu yote, tukalishusha gari na kulisukuma mbele na nyuma ili lijikalie, tukaliweka juu ya shimo. Nililinganisha umbali wa madigadi na ule wa kwenye utepe, kisha nikashuka shimoni na kukaza boliti moja baada ya nyingine kwa spana ya kupimia nguvu, nikifuata mwongozo wa gereji wa modeli hii. Nafasi ni finyu na boliti za juu zinahitaji soketi ndefu yenye kiungo, lakini hakuna iliyoshindikana.

Washa za kurekebishia nilizirudisha kwenye alama nyeupe, kiasi cha kulifikisha gari kwenye alaimenti bila kula tairi njiani. Huko niliomba magurudumu ya mbele yalale ndani kwa nyuzi 1 na ya nyuma kwa nyuzi 1.5, na kwa mara ya kwanza namba kwenye skrini hazikurukaruka gari lilipotikiswa. Sasa breki hainivuti popote, na nyuma inafuata mbele kwenye kona. Kelele ya kugonga iliyobaki upande wa kushoto nyuma inatoka kwenye kiungo cha stabilaiza, fimbo inayozuia gari kulala sana kwenye kona; kiungo hicho sikukiagiza wakati ule, na kimekwisha kulipiwa.