Usaili wa staji ukiwa L1 au L2 Lubumbashi: namba ya simu inayojirudia

Swali hili, au ndugu yake, wanafunzi wa L1 na L2 (mwaka wa kwanza na wa pili wa licence) huulizwa sana wanapoomba staji, yaani mafunzo kazini: una orodha ya namba za simu za wateja 100,000, toa ya kwanza inayojirudia. Ni swali dogo, ila linatosha kujaza dakika 30, na wengi hupotea kabla hawajaandika hata mstari mmoja kwa sababu wamekimbilia kibodi.

Anza kwa kuuliza. "Ya kwanza" ni ipi? Chukua orodha 7, 3, 3, 7. Ukienda kutoka kushoto, namba inayowahi kuonekana mara ya pili ni 3. Lakini kati ya zile zenye pacha, iliyotangulia kwenye orodha ni 7. Swali moja, majibu mawili. Msaili mara nyingi huacha mlango huo wazi kusudi, aone kama utaupita bila kuangalia.

Halafu uliza namba zimeandikwaje. Sisi tunajua kwamba +243 99 na zinazofuata, na 099 na zinazofuata, ni mteja mmoja. Kompyuta haijui. Ondoa nafasi, geuza +243 au 00243 ya mwanzo iwe 0, ubaki na tarakimu 10. Zitunze kama maandishi. Ukizifanya namba kamili, sufuri ya mbele inapotea. Uliza pia urudishe nini kama orodha ni tupu au kama hakuna inayojirudia. Mazungumzo yote haya ni dakika 3, na ni dakika zinazohesabiwa kuliko unavyodhani.

Sasa sema njia nzito kwanza, kwa sauti: kila namba ilinganishwe na zote zinazoifuata. Ifanyie hesabu: 100,000 mara 99,999, gawanya kwa 2, karibu ulinganisho bilioni 5. Usione haya kuitaja. Anayeitaja na kueleza kwa nini ni nzito ameonyesha anaelewa. Anayeruka moja kwa moja kwenye jibu zuri ananukia kukariri. Kisha andika hii kwa Python, tukichukua maana ya kwanza, ile inayotoa 3:

def ya_kwanza(namba):
    zimeonekana = set()
    for n in namba:
        if n in zimeonekana:
            return n
        zimeonekana.add(n)
    return None

Mtego uko mstari wa pili. Wengi huweka pale [] badala ya set(), na jibu linatoka sahihi, kwa hiyo hawastuki. Lakini "in" kwenye orodha hukagua kipengele kimoja kimoja tangu mwanzo: ni kitanzi cha pili kilichojificha, na umerudi kwenye mabilioni. Seti, kwa kawaida, inajibu kwa hatua ileile hata ikiwa na vitu laki moja. Msaili akiuliza gharama yake, jibu ni kumbukumbu: pengine utatunza namba karibu zote. Maliza kwa kupitisha 7, 3, 3, 7 kwa mkono, ukitaja kilichomo ndani ya seti kila hatua, hata kama una uhakika.

Kimya ndicho kinachoangusha watu wetu. Tumezoea mtihani wa karatasi, unainama saa nzima kisha unakabidhi. Kwenye usaili, dakika 4 za kimya zinasomeka kama umekwama. Fikiri kwa Kiswahili ukitaka, lakini kila baada ya muda toa sentensi moja kwa lugha ya usaili, Kifaransa au Kiingereza: ninajaribu nini, nimekiacha kipi. Urithi mwingine wa karatasi ni algoriti za darasani zinazoanza "Pour i allant de 1 à n" (kwa i kutoka 1 hadi n). Python, C na Java huanza 0, na kosa la moja zaidi au moja pungufu hutoka hapo.

Usiandike kwenye CV lugha usiyoweza kutetea. Ukiandika Java, jiandae kueleza kwa nini == haifai kulinganisha maandishi mawili: inauliza kama ni kitu kilekile kwenye kumbukumbu, wakati equals inaangalia yaliyomo. Na kama mradi ulikuwa TP (kazi ya vitendo) ya kundi, jua ni mafaili gani uliyoandika wewe.

Idara za informatika za migodi na benki hapa mjini zinaweza kuacha kabisa mambo ya algoriti zikauliza mtandao na SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata. Mfano wa mtandao: kompyuta ina anwani inayoanza 169.254. Maana yake haikupata anwani kutoka DHCP, huduma inayogawa anwani kwenye mtandao, basi kagua kebo na swichi kabla ya kulaumu intaneti. Mfano wa SQL: WHERE huchuja mistari kabla ya kukusanya, HAVING huchuja baada ya GROUP BY.

Usaili wa mbali una shida zake. Ukiazima laptopu, jaribu kibodi jana yake: kwenye AZERTY ya Kifaransa, [ ni AltGr na 5, { ni AltGr na 4, na vidole vilivyozoea QWERTY vitakuaibisha. Umeme ukikatika, ruta nayo inazima, basi simu iwe tayari kugawa intaneti. Ila kwenye simu nyingi, mtu akikupigia data husimama au hushuka. Tumia laini ambayo namba yake hakuna anayeijua, hata mama. Video ya saa moja inaweza kula megabaiti mamia. Mwombe msaili mapema uizime mkianza kuandika programu.

Saa nayo inakosesha watu nafasi. Lubumbashi inatangulia Kinshasa kwa saa 1, Nairobi na Dar es Salaam zinatutangulia kwa saa 1. Brussels iko sawa na sisi kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba, kisha inarudi nyuma saa 1. Na mtu wa Dar akikuandikia "saa 4 asubuhi" anamaanisha 10:00 ya kwake, yaani 09:00 hapa Lubumbashi. Mjibu kwa tarakimu: "Nitakuwepo 10:00 ya Dar, 09:00 ya Lubumbashi," na usubiri athibitishe.